Silabi peke yake haitoshi, wapeni watoto vina

Hapa Nyalenda, Kisumu, watoto wa ploti yetu wakitoka shule wanakaa kwa ngazi wanaimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka mwisho bila kukosea. Sasa mwandikie mmoja wao neno "bata" pale chini kwa mchanga uone, anakwama. Silabi ameshika kama wimbo, kusoma bado.

Mimi naona silabi zikishashikika kidogo tu, mtoto apewe maneno yenye kina kimoja, yaani mwisho ni ule ule na mwanzo ndio unabadilika. Bata, pata, kata, nata. Taa, saa, kaa, paa. Chukua boksi la unga limeisha, kata kipande uandike "ta" kubwa kwa kalamu ya maka, halafu ukate kakaratasi karefu uandike ba, pa, ka, na, moja chini ya nyingine, ukavute pole pole hapo kando ya ile "ta". Mtoto anaona mwenyewe kwamba kimebadilika kitu kimoja tu na ametoka na neno ingine analolijua nyumbani, na hapo utaona uso umefunguka, anataka kuvuta mwenyewe. Lakini tafadhali yawe maneno ya kweli, "lata" na "gata" zitamsaidia na nini?

Huku kwetu kuna sababu ingine kubwa. Dholuo, lugha ya Waluo, haina sh wala z, kwa hivyo mtoto aliyekulia na Dholuo anafika PP1, darasa la kwanza la chekechea, akisema sati na sawadi, na kuna walimu wanamcheka mbele ya wenzake. Hiyo inaniuma sana. Mtoto si mjinga, sikio lake halijazoea hiyo sauti, basi. Mwekee soka na shoka, sana na zana, sindano na shindano, achore mpira hapa na shoka pale, ataje akionyesha kwa kidole. Ukimcheka atanyamaza, na akinyamaza hutajua amekwama wapi.

Kiingereza nacho, cat, hat, mat ni sawa kabisa kuanza nazo, na nashukuru Tusome, ule mpango wa kufundisha watoto wadogo kusoma, ulipoenea shule za umma nchi nzima 2015 ulifundisha sauti za herufi kwa Kiswahili na Kiingereza pia. Shida ni wazazi kukimbilia Kiingereza kwanza. Kiswahili kina irabu tano na kila moja inasomeka vile vile popote uikute, lakini home na some zinafanana kwa karatasi halafu kwa mdomo kila moja na njia yake, sasa mtoto wa miaka mitano ashike gani? Mwache azoee kwanza lugha ambayo haimgeuki.

Mwalimu mwenye darasa limejaa, dakika tano za asubuhi zinatosha, kina kimoja kwa siku. Maneno yenye konsonanti zimefuatana, kama mbwa, nchi na ng'ombe, yangoje muhula wa pili.