Mstari ukinyooka, usimpige umeme!

Jana usiku nimeshindwa kuvumilia. Tamthilia tamu, daktari kaingia mbio, kwenye skrini mstari wa mapigo ya moyo umenyooka kabisa, naye anabandika pedi kifuani na kufyatua umeme. Mgonjwa karuka, kafumbua macho! Jamani, mashine ile ya umeme ni ya moyo unaotetemeka ovyo. Uliosimama kabisa haushtuliwi: kifua hukandamizwa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mgonjwa huchomwa dawa ya adrenalini. Nikisema hivyo sebuleni naambiwa, "Muache mwigizaji huyo bwana, kwani umesahau alivyocheza wakili kwenye tamthilia nyingine?" Sijasahau, na nilimpenda sana. Lakini uwakili ule unamsaidiaje mgonjwa huyu? Hata alipokandamiza, viwiko alivikunja kama anayekanda unga wa chapati. Mikono inyooshwe!