Nilimjua Muuaji Tangu 1958

Mama mkwe wangu hatazami tamthilia za upelelezi kama sisi. Yeye anakuwa kazini. Hata wahusika hawajamaliza kusalimiana, kidole chake kimeshafika kwenye runinga: "Huyo mwenye glovu." Tukifika mwisho, ni huyo mwenye glovu. Mimi muda wote huo nimetuhumu watu wasiohusika, na wengine waliuawa kabla sijamaliza kuwatuhumu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba tutakusanyika kwake kutazama ile Ordeal by Innocence ya BBC ya mwaka 2018, sehemu tatu, moja kila jioni, nilikitafuta kitabu chenyewe. Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alikitoa mwaka 1958, na hakuna sheria inayomkataza mtu mzima kusoma. Mke wangu aligonga mlango wa choo kuuliza ninafanya nini humo muda wote.

"Mambo ya kazi," nikajibu.

Kisa ni hiki: mama tajiri mwenye watoto wa kuasili kauawa. Mtoto mmoja, Jacko, kashtakiwa, kafia gerezani. Halafu anatokea bwana mmoja, Arthur Calgary, anasema saa ya mauaji Jacko alikuwa naye garini. Maana yake muuaji bado yumo humo humo nyumbani, anakunywa chai na wenzake. Jina lake sitalitaja. Nimeshaona yanayowapata wanaotaja.

Jioni ya kwanza Mama aliketi na kinyongo. Hajawasamehe BBC kwa The ABC Murders, nayo ya 2018. Kwake yeye Poirot, yule mpelelezi Mbelgiji wa Christie, ni David Suchet, aliyemwigiza tangu 1989 mpaka 2013, mwenye masharubu yaliyopakwa nta yakakaa sawasawa. John Malkovich, Poirot wa BBC, yeye alikuja na kijindevu cha mvi. Hilo Mama alilimeza. Tulipofika mahali tunaambiwa eti kule Ubelgiji Poirot hakuwa polisi, alikuwa padri, alisimama. "Padri? Mimi huyu mtu namfahamu!" Akazima runinga na kwenda kulala na rimoti.

Safari hii alitulia, akatazama, kidole kikanyooka. Mtu tofauti kabisa na wa kwenye kitabu! Nilicheka kicheko kirefu ambacho mke wangu alisema baadaye kilimtia wasiwasi.

"Mama, leo umeteleza," nikasema.

"Haya baba, wewe unasema nani?"

Nikasema nitasema siku ya mwisho. Shemeji yangu mdogo, ambaye hupenda kuona watu wakiumbuka, akapendekeza dau: atakayekosea ataosha vyombo vya ukoo mzima. Nikaongeza masufuria. Nikaongeza pia kwamba ataosha akiwa amevaa aproni ya Mama, ile yenye maua. Sijui nani alinituma.

Siku ya mwisho, mambo yalipopamba moto, niliomba wasimamishe picha. Nikasimama mbele ya runinga, mikono nyuma, nikazunguka kidogo kama wapelelezi wanavyofanya wakishawakusanya watu sebuleni. Nikaeleza fedha zilitoka wapi, nani alimdanganya nani, na kwa nini. Nilikwenda vizuri mno, mpaka mtoto wa shemeji akainua mkono.

"Mjomba, hizo fedha zimeonyeshwa saa ngapi?"

"Zilipita haraka," nikasema, nikamtaja muuaji na kuketi.

Picha ikaendelea. Niliyemtaja hakuua mtu. Si hivyo tu, alikuwa mtu wa kuhurumiwa, amepitia makubwa, na kadiri ukweli ulivyofunuka ndivyo Mama alivyonitazama kama mtu aliyemsingizia yatima. Muuaji alikuwa yule yule wa kidole.

"Haiwezekani!" niliruka. "Wamekosea! Kwenye sura ya mwisho ni..."

Sebule ikawa kimya.

"Sura ya mwisho ya nini, baba?" Mama akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo Suchet huitumia akishafunga mlango.

Mke wangu akajishika kichwa. "Mambo ya kazi," akasema.

Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Shemeji alitafuta kwenye simu, akakuta kwamba mwandishi wa tamthilia hiyo, Sarah Phelps, alimbadilisha muuaji kwa makusudi, na kwamba wasomaji wengi wa Christie walinung'unika. Nikadai kesi ifutwe: mimi nilijibu swali sahihi, wao ndio walibadilisha mtihani! Tena si mara ya kwanza. ITV ya Uingereza walimbadilisha muuaji mwaka 2004 katika The Body in the Library ya Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Christie, na hakuna aliyeoshwa vyombo kwa ajili hiyo. Yaani, aliyeosheshwa. Nilikuwa na hasira.

"Lakini Christie mwenyewe alikuwa akibadilisha," shemeji akasema, bado anasoma. "And Then There Were None, alipoipeleka jukwaani mwaka 1943, aliigeuza mwisho."

"Mwenye mali akigeuza mali yake ni jambo jingine," nikajibu, povu likiwa mpaka viwikoni. Aproni ilinibana kifuani. Mtu akapiga picha, na picha hiyo sasa ipo kwenye kundi la familia, juu kabisa, imebandikwa.

Mama aliomba nimwazime kitabu. Nikampa kwa furaha. Nikajua sasa haki itatendeka. Siku moja akapiga simu.

"Baba, nimekimaliza kitabu chako."

"Umeona sasa, Mama?"

"Nimeona. Huyu Agatha kakosea. Muuaji ni yule wa kwenye runinga, hata mtoto anaona. Mwambieni arekebishe."

Nikamwambia kwa upole kwamba Agatha Christie alifariki mwaka 1976.

Akanyamaza kidogo.

"Nani alimuua?"