Chunusi nyeupe si uchafu, acheni kuzitumbua

Binti wa kaka yangu alikuja kwangu likizo ya Desemba. Yuko kidato cha pili. Alipovua mtandio tu, macho yangu yakaenda kwenye paji lake la uso. Nikamkalisha dirishani penye mwanga. Kuanzia nywele zinapoanzia hadi juu ya nyusi palikuwa na vipele vidogo vidogo vyenye ncha nyeupe, kama punje za semolina zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi. Haviumi, haviwashi. Katikati yake, madoa mawili meusi.

"Hapo nilitumbua, shangazi. Watu wanasema ni uchafu, nikawa nasugua na dodoki."

Neno hilo, uchafu, ndilo lililonifanya niandike. Mtoto anayenawa uso mara nne kwa siku mpaka ngozi inawaka moto, bado anaambiwa hajisafishi!

Chunusi nyeupe huanzia ndani. Kwenye kila kinyweleo kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto akibalehe, homoni huichochea tezi, mafuta yanazidi, na ngozi iliyokufa badala ya kupukutika inagandana nayo na kuziba njia. Tundu likibaki limefunikwa, unaona ncha nyeupe. Likiwa wazi, kilichomo ndani hukutana na hewa kikawa cheusi, na hata weusi huo si vumbi. Kusugua hakufiki huko. Kunaichubua tu ngozi ya juu, na ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa huacha doa linaloweza kukaa miezi. Wengi wanaolia na nyuso zao wanalilia madoa ya kujitumbua, maana kipele chenyewe kilishaondoka zamani.

Kwa binti yetu kulikuwa na sababu nyingine. Amesukwa twende kilioni, na kila jioni alikuwa anapitisha mafuta mazito ya nywele kwenye mistari mpaka yanateremka usoni. Jambo hili halikuanza leo: mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani walieleza chunusi za paji la uso na panja kwa watu weusi waliokuwa wakipaka mafuta ya aina hiyo kichwani. Mafuta ya nazi nayo, pamoja na sifa zote tunazoyapa, huziba vinyweleo kwa watu wengi yakipakwa usoni.

Kisha akatoa kikopo kwenye begi. Hakina lebo, hakina jina la kiwanda, kimenunuliwa dukani kwa ahadi ya "kukausha chunusi na kung'arisha". Hapo moyo ulinilipuka. Mikorogo ya namna hii mara nyingi huwa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi. Siku za mwanzo uso unatulia kweli, unasifiwa, unaendelea. Baadaye vipele vinarudi kwa wingi, vyote saizi moja, ngozi imekuwa nyembamba, na ukiacha kupaka uso unawaka na kuvimba. Mikorogo mingine ina zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda. Anayemuuzia mtoto wa shule kitu kisicho na jina anafanya kosa kubwa, na sisi wakubwa tunaokaa kimya tunamsaidia.

Dawa za kweli zipo, ila zinataka subira. Tulianza na adapalini, dawa ya kupaka, ya asilimia 0.1 kutoka famasia: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, uso ukiwa mkavu, siku moja anapaka na inayofuata anapumzika, mpaka ngozi izoee. Inapakwa eneo lote, maana kazi yake ni kuzuia vinyweleo visizibe tena. Wiki za mwanzo ngozi hukauka na kubanduka kidogo, na vipele vinaweza kuonekana vimeongezeka. Wengi huachia hapo, wakati nafuu huonekana wiki ya 8 hadi ya 12. Mwenye mimba asiitumie. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 nayo husaidia, na benzoili peroksaidi ni nzuri kama kuna vipele vyekundu, ila hufubaza taulo na foronya. Kunawa mara mbili kwa sabuni laini kunatosha. Dawa ya meno na ndimu viacheni jikoni na bafuni.

Vikiwa vikubwa, vinauma, au vinaacha mashimo, msikae navyo nyumbani. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu tangu miaka ya 1990. Ulizieni kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya mkoa. Na tafadhali, tusiwaambie mabinti kwamba chunusi zitaisha wakiolewa. Wapo wanawake wa miaka 35 wenye watoto watatu na bado wanazo.

Jana alinipigia kwa video. Ni mwezi wa tatu sasa tangu aanze dawa. Alisogeza uso karibu na kamera, paji limelainika, nywele kazifunga nyuma bila mafuta. Madoa mawili ya kutumbua bado yapo, yamepauka kidogo tu.