Laki Kumi na Moja za Nani?

Kila asubuhi foleni ya kutoka Wakad kwenda Hinjewadi inanisimamisha mbele ya bango lile lile. SUV jeupe, baba, mama, watoto wawili, mbwa, mlima nyuma yao, na maandishi makubwa kuliko mlima: kuanzia laki 11. Pembeni ya hiyo 11 kuna kinyota. Miaka minane niko hapa Pune, India, na sijawahi kupata nafasi ya kusoma kinyota kinasema nini, maana pikipiki zinakupigia honi hata kama hakuna pa kwenda. Wiki iliyopita foleni iliganda kabisa, nikasoma. Kinasema: bei ya shorumu, vigezo na masharti kuzingatiwa.

Nikacheka peke yangu ndani ya gari letu dogo ambalo AC yake imeshakufa mara mbili.

Wageni wanaohamia huku kutoka nyumbani huwa nawaambia wasiogope lugha. Ukienda kununua gari utaelewa karibu kila kitu. Kwa Kihindi gari ni gaadi. Laki ni laakh. Bima ni bima. Rangi ni rang, pesa ni paisa, hesabu ni hisaab. Msamiati wote wa biashara hii tunao tangu enzi za majahazi. Kitu pekee ambacho hutakielewa ni bei.

Hebu niwasomee profoma yetu, iko hapa mezani, ina duara la kikombe cha chai juu yake. Gari ni la petroli, oto, si toleo la chini wala la juu kabisa. Bei ya shorumu: rupia 15,50,000 (wenyewe wanaweka mkato kwenye laki, utazoea). Kodi ya barabara ya jimbo la Maharashtra, asilimia 12: 1,86,000. Kodi ya asilimia moja inayokatwa kwa kila gari linalozidi laki 10: 15,500. Bima: 68,400. Waranti ya nyongeza: 28,600. Kifurushi cha mapambo: 34,000. Usajili na mengineyo: 6,000. Hendlingi: 9,500.

Jumla 18,98,000. Yaani kati ya bei waliyoniitia na bei ya kutoka getini kuna laki tatu na elfu arobaini na nane. Kuna watu mtaani kwetu wanaendesha gari zima lililotumika la thamani hiyo.

Nianze na kifurushi cha mapambo. Ni mikeka ya miguu, vifuniko vya siti, vizuia matope, ukanda wa plastiki wa kubandika mlangoni na kifaa cha kunukia. Elfu thelathini na nne! Mikeka hiyo hiyo, mtaa wa pili, fundi anakukatia ya saizi yako huku unakunywa chai. Nilipomwambia kijana wa mauzo aufute mstari huo, alinitazama kama nimemwambia atoe usukani. "Madam, inakuja na gari." Inakuja na gari vipi wakati imeandikwa bei yake peke yake?

Hendlingi ndiyo iliyonivuruga. Nikamuuliza, hii hendlingi mmelishikashika wapi hilo gari mpaka ifike elfu tisa na mia tano? Limetoka kiwandani likapanda lori, likashuka kwenye lori. Akasema ni gharama za kulihifadhi na kulisafisha. Nikamuomba anionyeshe kifungu. Akanyanyuka, akaenda kwa meneja nyuma ya kioo, wakazungumza dakika mbili, akarudi na kalamu nyekundu akaufuta. Elfu tisa na mia tano, kwa swali moja. Sasa fikiria wale ambao hawakuuliza. Fikiria mzee aliyestaafu reli, amekusanya akiba ya maisha yake, ameagiza na boksi la pedha, vile vitamu vya maziwa, za kuwagawia majirani siku ya kuchukua gari. Yule ataanza kubishana kuhusu hendlingi siku ya furaha yake? Hawezi, na wao wanajua hawezi.

Bima nayo. Mnunuzi ana haki ya kukata bima kwa kampuni anayotaka yeye, duka halina ruhusa ya kumlazimisha. Nilipotafuta mwenyewe nyumbani jioni ile, bima ile ile, pamoja na kile kipengele cha kutopunguziwa thamani ya vipuri, nilipata kwa elfu 47. Nilipomtumia kijana picha ya skrini, bima ya duka nayo ikashuka hadi elfu 51 usiku ule ule, saa nne na nusu. Hao wakokotoaji wa hatari wa kampuni ya bima wanafanya kazi mpaka usiku, Mungu awabariki.

Haya, niwe mkweli, ingawa sipendi. Kodi ya barabara si ya duka, ni ya serikali ya jimbo. Ile asilimia moja unairudisha ukijaza ritani ya kodi ya mapato. Na wenye maduka wana hoja yao wanayoipenda sana: kila jimbo lina kodi yake, Delhi gari la petroli la bei hii ni asilimia 10, Karnataka ni 17 na ushee, sasa kampuni itaandikaje bei moja ya barabarani kwa nchi nzima? Hoja nzuri. Ila bango halitembei! Limechimbiwa Pune, kwa zege, upande wa kushoto ukielekea Hinjewadi. Anayelisoma anaishi Pune, atasajili gari Pune, atalipa kodi ya Maharashtra. Kwa nini basi lisiandikwe bei ya Pune? Tovuti zao zenyewe zinajua kukuuliza uko mji gani kabla hazijakuonyesha hata picha ya tairi. Wanajua tulipo, ila wakijua hiyo 11 ni 13 na kitu, baba mwenye bajeti ya 12 hatashuka kwenye gari kuja kuuliza. Na akishashuka, akishakaa ndani, mtoto akishabonyeza vitufe vyote, mke akishachagua rangi, hapo ndipo anapewa karatasi.

Najua mtaniambia, na sisi je, tunaoagiza gari Japani kwa bei ya FOB, isiyo na usafiri wala ushuru, halafu tunalia bandarini Dar? Sawa. Lakini pale angalau kila mtoto wa mjini anajua kwamba TRA inamsubiri.

Turudi nyuma kidogo niwaeleze Aai alivyotuokoa. Aai ni mama mkwe wangu, na ndiye sababu ya kununua gari jipya, kwa sababu ya magoti yake. Agosti mwaka jana, 2025, kijana alikuwa anapiga simu kila siku: lipia sasa, bei inapanda. Tarehe 15 Agosti Waziri Mkuu Modi akatangaza kwamba GST, kodi ya bidhaa na huduma, itarekebishwa. Kijana akasema hiyo ni siasa, magari makubwa hayaguswi. Tarehe 3 Septemba ikatoka rasmi: magari madogo asilimia 18, makubwa 40, na ile tozo ya ziada iliyokuwa inapandishwa juu ya asilimia 28 ifutwe, kuanzia tarehe 22. Gari letu lilikuwa linabeba jumla ya 45. Kijana akabadilisha wimbo: lipia sasa, tutakurudishia tofauti. Baba watoto akaanza kulegea.

Aai akagoma. Si kwa sababu ya GST, hata hajui inaandikwaje. Aligoma kwa sababu ilikuwa imeingia Pitru Paksha, zile wiki mbili za kuwakumbuka marehemu, ambazo watu wa imani yake hawanunui kitu kipya. "Sunbai," aliniambia, yaani mkamwana, "wazee wako ndani ya nyumba, na nyinyi mnataka kuleta gari?" Pitru Paksha iliisha tarehe 21. Tarehe 22 ikaanza sikukuu ya Navratri, na kodi ikashuka siku hiyo hiyo. Kwa gari letu ni kama elfu 55 hivi. Tangu siku hiyo Aai anazungumzia uchumi kwa sauti ya waziri wa fedha, na hakuna wa kumkatiza.

Ila msishangilie. Lile punguzo la elfu 40 ambalo duka lilikuwa limetuahidi Agosti halikuonekana tena. Liliondoka na mizimu ya wazee. "Madam, sasa serikali imeshawapunguzia." Kwa hiyo zawadi ya serikali ndiyo ikawa zawadi ya duka.

Kuhusu hiyo kodi, neno moja tu: India gari likiwa na urefu usiozidi mita nne na injini ndogo, ni dogo, likizidi, ni la tajiri. Ndiyo maana kuna SUV nyingi huku ambazo nyuma zimekatwa ghafla kama mkate wa boflo. SUV za saizi ya kati, kina Creta, Grand Vitara, Elevate, zina mita nne na sentimeta thelathini na kitu, kwa hiyo familia ya watu watano yenye bibi inalipa asilimia 40 sawasawa na bwana mwenye jumba lenye bwawa la kuogelea.

Na kuchagua sasa. Mitandao imejaa vijana wanaobishana kuhusu nguvu za farasi. Sisi tulikuwa na kipimo kimoja: magoti ya Aai. Tulizunguka naye shorumu tano. Anasimama pembeni ya mlango wa nyuma, anageuza mgongo, anakaa bila kuruka wala kuchuchumaa, halafu anaingiza miguu mmoja mmoja akishika sari yake. Likiwa juu sana, kama yale ya kuendea porini, anatikisa kichwa. Likiwa chini kama gari letu la sasa, kutoka anahitaji watu wawili. Hizi za saizi ya kati ziko pale pale kwenye nyonga yake, na hiyo ndiyo sababu yangu nzima ya kuzipenda. Hakuna jarida la magari lililowahi kunipa kipimo hicho.

Haiburidi (petroli pamoja na mota ya umeme) ya Grand Vitara na ndugu yake Hyryder inasifiwa kwa kilomita karibu 28 kwa lita, kwa vipimo vya maabara, lakini betri inakula buti, na Aai hasafiri kwenda Satara bila presha kuka na gunia la nusu la mchele. Kushaq na Taigun zinatengenezwa hapa hapa Chakan, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na zilipata nyota tano za Global NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari, mwaka 2022, nazipa heshima. Dizeli niliiacha. Mdogo wake baba watoto yuko Delhi, na huko suala la kuzuia dizeli zilizozidi miaka kumi limekuwa kesi mpaka mahakamani.

Paa la kioo sitaki hata kulizungumzia, lakini nitalizungumzia. Pune mwezi wa Aprili jua linafika digrii 40. Nani alitudanganya kwamba tunahitaji dirisha juu ya kichwa? Hata hivyo ukitaka kamera ya nyuma nzuri, ukitaka matundu ya AC na vitu vingine vya maana kwa watu wa siti ya nyuma, mara nyingi unasukumwa kwenye toleo lenye paa la kioo, laki moja na nusu juu. Matoleo yenyewe yamepewa herufi kama matokeo ya mtihani: HTE, HTK, HTX, SX, ZX. Mwanangu mdogo wa miaka minne alilipenda paa. Alilala chali akahesabu taa za dari za shorumu. Nakiri lilipendeza.

Lakini tuliulize la maana: siti ya nyuma ina nini? Septemba 2022 Cyrus Mistry, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Tata Sons, kampuni mama ya kundi la Tata, alifariki kwenye ajali karibu na Palghar, akiwa siti ya nyuma ya gari la kifahari, hakufunga mkanda. Nchi nzima ilizungumzia mkanda wa nyuma kwa mwezi mmoja. Serikali ilikuwa na mpango wa kulazimisha mifuko sita ya hewa kila gari. Ukasogezwa mwaka, halafu 2023 waziri wa barabara, Gadkari, akasema haitakuwa lazima. Kampuni nyingi za daraja hili siku hizi zinaiweka zenyewe, nazishukuru. Bado, kwenye shorumu zote tano, hakuna aliyenionyesha mkanda wa katikati ya siti ya nyuma mpaka nilipouchimbua mwenyewe chini ya nailoni. Paa la kioo nilifunguliwa mara tano.

Jana usiku kijana ametuma profoma mpya, safi, bila duara la chai. Mapambo hakuna. Bima ni ya kwetu. Nikamsomea Aai mstari kwa mstari, naye anachambua majani ya mchicha, anaitikia "haan, haan". Hendlingi hakuna. Chini kabisa, kabla ya jumla, kuna mstari ambao haukuwepo: huduma kwa mteja, 9,500.

Shorumu inafunguliwa saa nne. Aai ameshavaa viatu.