Kunde za Nigeria: marufuku inayolaumiwa kuliko inavyostahili

Juni 2015 Umoja wa Ulaya ulizuia kunde kavu kutoka Nigeria, nchi inayovuna kunde nyingi kuliko zote duniani, kwa sababu ya mabaki ya dichlorvos, dawa ya kuua wadudu. Zuio lilikuwa la mwaka mmoja. 2016 likaongezwa miaka mitatu, 2019 likaongezwa tena. Tangu hapo, wauza nafaka nje wakikaa pamoja, wimbo ni ule ule: Wazungu wanatubania.

Malalamiko hayo yana msingi. Zuio halikuchagua, mwenye mzigo safi alifungiwa mlango pamoja na mwenye mzigo mchafu. Kikomo cha mabaki nacho ni kikali: miligramu 0.01 kwa kilo. Katika kontena lenye tani 25, hiyo ni robo gramu tu. Ukiishia hapo utasema ni uonevu mtupu.

Endelea na hesabu. Sampuli zilizopimwa Ulaya zilikuwa na miligramu 0.03 hadi 4.6 kwa kilo. Kontena lile lile, kwa kiwango cha 4.6, limebeba gramu 115 za sumu ya wadudu, mara 460 ya kinachoruhusiwa. Kikomo kingelegezwa hata mara mia, mzigo huo ungerudishwa. Na wanaosema Ulaya inalinda wakulima wake watuambie ni wakulima gani, maana kule kunde hazilimwi kwa kiasi cha kutajika. Ureno, kwa mfano, hununua za Peru.

Mfanyabiashara mwenyewe simlaumu sana. Mdudu wa kunde huanzia shambani: jike hutaga juu ya ganda, funza hutoboa punje na kukulia humo, na baada ya kama mwezi anatoka mdudu kamili akiacha tundu la duara. Ukifungua gunia ukakuta punje zimebunguliwa na unga umejaa chini, unaona mtaji unaliwa mbele ya macho. Chupa ya dawa iko dukani, bei yake ndogo. Mifuko ya PICS ya tabaka tatu, inayoua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote, ilibuniwa Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde hizi hizi, lakini bei yake inazidi ya gunia la kawaida, na dalali halipi senti zaidi kwa kunde zisizopuliziwa.

Ila kuna mlaji ambaye kelele zote hizi zinamruka. Kunde nyingi za Nigeria hazipandi meli. Zinapita masoko kama Dawanau la Kano, zinaishia kuwa akara (bajia za kunde) na moin-moin (kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke) mezani kwa Wanigeria. NAFDAC, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilizuia chupa za dichlorvos za mililita 100 kuuzwa masokoni mwaka 2019, miaka minne baada ya Ulaya kufunga mlango. Miaka yote hiyo mnunuzi wa Ulaya alikuwa na maabara ya kumkingia. Yule wa Kano alipima kunde zake kwa mudu, bakuli la kupimia la sokoni, akalipa, akaenda kupika.