Wewe unayecheka Kiswahili cha mgeni, vuka Ruvuma tukuone

Juzi nilikuwa stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara, nasubiri mzigo wangu kutoka Newala, nikashuhudia jambo lililonikera hadi leo sijatulia. Mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge vizuri, begi kubwa miguuni, alimfuata konda wa basi la Masasi akamuuliza kwa adabu zote: "Kaka, basi anatoka saa ngapi?"

Konda hakumjibu. Aliwageukia wapiga debe wenzake, akabana pua: "Basi anatoka! Jamani, basi anatoka, kavaa na viatu!" Stendi ikaangua kicheko. Mama ntilie akacheka, vijana wa bodaboda wakacheka, abiria waliokwisha kukaa wakatoa vichwa madirishani kuuliza kuna nini ili na wao wapate kucheka. Mmoja akamalizia, "Mmawia huyo, mwacheni," yaani Mmakonde wa Msumbiji. Ndipo konda akamrushia jibu huku anaondoka: "Saa nne, mama, saa nne."

Konda huyohuyo kutwa nzima anaita "gari inaondoka, basi imejaa". Mwalimu wangu wa Kiswahili angemsikia angemrudisha darasa la tatu, kwa sababu gari linaondoka na basi limejaa. Tunasema hivyo sote, na mimi nasema, na hakuna aliyekufa. Ila mgeni akiteleza kwenye ngeli ileile kwa upande mwingine, imekuwa sarakasi.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo kicheko kilipokuwa kinakaribia kumgharimu mtu. Yule mama alisogea ukutani, akaketi juu ya begi lake, akavua viatu. Akatulia kabisa, utulivu wa mtu mwenye siku nzima mbele yake. Nikamwuliza anakwenda wapi. Mangaka, halafu Mtambaswala, halafu nyumbani. Basi lako saa ngapi? Akainua vidole vinne, akaonyesha upande jua linakotua.

Kwao saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kama zinavyosomeka kwenye simu. Nne yao ya mchana ndiyo saa kumi yetu ya alasiri. Basi lingeondoka mbele ya macho yake na yeye analipungia mkono. Nikamwonyesha simu imeandikwa 10:00, nikamwambia kumi kwa Kireno, "Dez." Macho yakamtoka. "Dez?" Begi likapanda kichwani, viatu vikawa mkononi, akakimbilia mlango. Hakuna aliyemwambia pole. Walikuwa wamekwisha kucheka, shughuli imeisha.

Na mambo ya saa hayaishii hapo kwa anayevuka kwenda kule. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiambiwa gari linaondoka "quatro", yaani nne, na ni usiku, hiyo ni saa kumi alfajiri kwa saa za kwao, na kwa saa ya mkononi uliyotoka nayo Mtwara ni saa kumi na moja. Simu hujirekebisha yenyewe ikishika mtandao wa huko, saa ya mkononi haijui mipaka. Halafu jua ni lilelile. Pemba ya kule, si ile ya karafuu, iko karibu kusini kabisa mwa Mtwara, kwa hiyo mwezi wa sita giza linawaingia saa kumi na moja na kitu jioni kwa saa zao. Ndiyo maana magari ya mbali yanaondoka usiku mnene. Anayejisemea "nitafika saa kumi na mbili, bado mapema" anashuka gizani, mji hajui, lugha hajui.

Nimevuka kule miaka ile kabla ya Oktoba 2017, kabla Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, haijaingia kwenye balaa lake la mashambulizi. Njia ya Kilambo ilikuwa njia ya watu: unashuka mtoni, unavuka kwa boti, ng'ambo unakuta pikapu za Palma na Mocímboa, na kutoka hapo unaunga chapa, daladala za kule, hadi ufike. Simshauri mtu aende leo kwa kusoma maneno yangu. Naeleza tu namna mtu asiyejua Kireno anavyofika.

Anafika kwa kufungua mdomo. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu kicheko cha Mkanaledi, kwa sababu ndicho kinachotufanya mabubu tukitoka kwetu. Mtu aliyekulia mahali ambapo ukikosea neno unaigizwa wiki nzima hawezi kusimama stendi ya Nampula akaropoka Kireno cha maneno sita. Anaogopa. Anajua yeye mwenyewe angemfanya nini mgeni wa namna hiyo. Utawaona Watanzania ugenini wamesimama kimya pembeni, simu mkononi, wanaomba Mungu atokee Mtanzania mwingine. Asipotokea wanalipa teksi. Nauli ya chapa ipo palepale, gari lipo, wenye gari wanaita, lakini mtu yuko radhi atoboke mfuko kuliko kusema neno likatoka vibaya.

Sisi wa kusini ndio tungekuwa wa mwisho kucheka. Fika Dar, sema neno moja kwa lafudhi ya Newala, uone kama konda wa Mbagala hatakuigiza papo hapo. Vichekesho vingapi vimejengwa juu ya Mmakonde anayeongea tu, hana kosa lingine? Tunanuna, tunasema tunadharauliwa, halafu tukirudi nyumbani tunamtafuta wa kumshukia. Tukampata: ndugu yetu wa ng'ambo ya mto, ambaye bibi yake na bibi yangu pengine walichanjwa nyuso na fundi mmoja.

Halafu ni sisi haohao wenye makofi. Agosti 2019, SADC wakutane Dar, Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne: makofi. Februari 2022, Umoja wa Afrika: makofi. Kila tarehe 7 Julai, hotuba na ngoma. Kiswahili kivuke mipaka! Sawa, kimevuka, kimerudi Mkanaledi kimebebwa na mama wa watu, kimechubuka kidogo njiani, na tumekipokea kwa kubana pua.

Nirudi barabarani. Kwanza, Palma na Mocímboa huhitaji hata Kireno. Kimwani cha pwani ile unakisikia nusu bila kujifunza, na nusu nyingine unaikisia. Bara, upande wa Mueda, kuna wazee waliopita Nachingwea enzi wapigania uhuru wa Frelimo wanapiga kambi kwetu, na Kiswahili chao ni cha heshima kuliko cha stendi zetu. Njia panda ya Awasse alipanda mzee wa namna hiyo, akanisikia navutana na konda kuhusu chenji, akauliza kutoka siti ya nyuma, "Mama, umetoka Mtwara au Lindi?" Mambo ya chenji yakaishia hapo. Mpaka anashuka alikuwa ananiuliza habari za Nachingwea, kama miembe ipo.

Ukivuka mto Lúrio ndipo unajua uko ugenini. Huko ni Kimakua na Kireno, Kiswahili ukikitoa hakuna anayegeuka. Mimi nilikuwa nakwenda Kisiwa cha Msumbiji, kile kilichokuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, ambacho wao wanakiita Ilha. Konda alinieleza kitu kirefu, kwa kasi, nikadaka neno moja tu: Namialo. Namialo nini? Nishuke? Nisishuke? Nikasema, "Ilha, Ilha," kwa matamshi yangu ya Mikindani. Na wao walicheka, sitawapaka rangi ya malaika. Chapa zima lilicheka. Lakini walipomaliza, kijana wa mbele alilitamka neno polepole, akasubiri nilirudie, akalitamka tena, mpaka likakaa sawa kinywani.

Pembeni yangu alikaa bibi mwenye kikapu cha karanga. Kireno chake kilikuwa kidogo kama changu, Kimakua chake sikuwa nacho. Akachukua karanga tatu akazipanga juu ya goti langu. Akagusa ya kwanza: "Namialo." Ya pili: "Monapo." Ya tatu: "Ilha." Kisha akanipapasa mguu, maana yake tulia. Tulipofika njia panda ya Namialo akaichukua karanga ya kwanza, akaila, akanisukuma begani nishuke, na mbili zilizobaki akanifumbatisha. Nikapanda gari lingine. Monapo nikala ya pili, nikabadili tena. Hakuna programu ya simu iliyowahi kunieleza njia vizuri vile.

Programu za kutafsiri, kwa njia, ni nzuri hotelini. Kwenye chapa lililojaa, mtandao unakuja na kupotea, konda hana dakika ya kungoja simu yako iwaze.

Kinachosaidia ni namba. Jifunze kuhesabu Kireno kabla ya kujifunza kumsifia mtu nchi yake. Hata wanaoongea Kimakua mwanzo hadi mwisho, bei mara nyingi wanaitaja kwa Kireno, kwa hiyo namba zitakufaa kila mahali. Sitini na sabini ndizo zinazoua: sessenta, setenta. Masikio yakikudanganya, toa simu, andika 60, mwonyeshe, atatikisa kichwa na kuandika 70, mmeelewana bila ugomvi. Unakoshuka mwambie jirani yako pia, usimwambie konda peke yake. Konda ana kichwa kimejaa watu, jirani anakuona wewe tu. Na salamu: pwani yote ile "asalaam aleikum" inafungua mlango kabla hujatoa neno la Kireno.

Kuna mahali namba na karanga hazifui dafu, nakubali, ingawa sipendi kukubali. Kizuizi cha polisi ni kimojawapo. Askari anauliza unatoka wapi, unakwenda kwa nani, na ukimjibu kwa tabasamu anadhani una la kuficha. Hospitali vilevile. Kwa hizo sehemu andikiwa karatasi na mtu anayejua Kireno, jina lako, unakokwenda, simu ya mwenyeji, uwe nayo pamoja na hati ya kusafiria. Aliyekaa darasani akasoma Kireno kweli atanizidi hapo.

Ila kuna lugha nyingine tulikuwa nayo bure tukaitupa. Masasi na Nanyumbu kumejaa Wamakua, na Kimakua ndicho kinachoendesha soko la Nampula. Namjua mama wa Masasi muuza vitenge, Kireno chake sifuri, ambaye Nampula anauziwa kwa bei ya mwenyeji. Matamshi yanapishana, maneno mengine hayafanani, anauliza, anacheka, anaendelea. Wanawe? Hawajui hata kuomba maji kwa Kimakua. Sisi shuleni ukiongea kilugha ulichapwa, na baada ya fimbo tukaanza kujichapa wenyewe kwa aibu. Kijana wa Newala leo anaona Kimakonde ni ushamba, halafu analalamika kwamba Msumbiji "kuna kizuizi cha lugha". Tulijenga daraja la mita 720 pale Mtambaswala, likafunguliwa 2010, lina jina zuri la Umoja. Lugha zilizokuwa zinavuka pale karne nyingi kabla ya nondo na saruji tunaziacha zife kwa sababu zinatutia haya mbele ya watu wa Dar.

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Shangani, anayetaka kwenda kuangalia biashara upande wa Nampula, alikuja niandikie sentensi za Kireno. Alitaka sentensi nzima nzima, zenye sarufi, azikariri. Nikamwandikia namba hadi mia, nikamwambia akakae na bibi yake Masasi wiki mbili. Akauliza, "Sasa shangazi, nikiongea wakinicheka?"

Nikamwambia watakucheka, na ukirudia neno lilelile kesho kicheko kitapungua. Akanung'unika, akauliza kama hakuna njia nyingine. Ipo, nikamwambia: teksi.