Mchango wa mtu ameumia usiishie wiki ya kwanza

Mtu akiumia kazini huku kwetu Nakuru mchango huanza haraka sana, na hiyo lazima niiseme kwanza juu ni kitu ya kujivunia. Hajamaliza hata kupigwa eksirei na grupu ya WhatsApp imeshafunguliwa, namba ya kutuma imewekwa, mtu wa kwanza ametuma mia tano akaandika "ugua pole ndugu", na kufikia jioni kuna wenye wameshapita hospitali na maziwa, mkate na ndizi. Hakuna bosi ameambia mtu atoe. Ni watu wenyewe. Nimefanya kazi mahali kadhaa hapa Industrial Area na sijawahi kuona mahali watu walikataa kuchangia mwenzao.

Shida yangu ni moja. Pesa yote tunaimaliza wiki ya kwanza, wakati mgonjwa bado yuko kwenye kitanda cha wodi na shida zenyewe hazijaanza. Wiki ya pili grupu imenyamaza. Wiki ya tatu jina la grupu linabadilishwa, sasa ni ya harusi ya mtu wa akaunti, na yule ameumia ndio kwanza ameruhusiwa kwenda nyumbani, ako na magongo, watoto wawili, kodi ya nyumba inakaribia na hakuna mtu anampigia simu.

Angalia hesabu ya siku. Sheria ya ajira ya 2007 inasema ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo uko na haki ya angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili na zingine 7 kwa nusu mshahara, kwa kila miezi 12. Kampuni ikitaka inaweza kutoa zaidi, na ziko zenye hutoa, lakini mwajiri wako akiamua kukaa kwa kile kiwango cha chini basi ni siku 14 na zimeisha. Sasa mfupa wa mguu, huu wa kutoka goti kushuka chini, ukivunjika mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 6 kushikana vizuri, na huyo ni mtu hajapata shida ingine kama kidonda kuingia uchafu. Hapo katikati ya siku 14 na miezi 3 ndio watu wanauza TV, wanahama nyumba, wanatoa watoto shule. Mchango wetu ungekuwa hapo. Lakini tulishamaliza.

Mwaka jana kuna mwenzetu wa kupakia mizigo aliumia mguu dipo, mlango wa nyuma wa lori ulishuka wenyewe juu pini yake haikuwa imeingia mpaka mwisho, ukampata chini ya goti akiwa amebeba mfuko wa simiti wa kilo 50. Watu walichanga vizuri sana hiyo siku. Akanunuliwa blanketi nzito, thamosi, kikapu kikubwa cha matunda kimefungwa na nailoni na utepe, na pesa iliyobaki akapewa kwa bahasha pale wodini, picha ikapigwa. Yote ilitoka kwa roho safi na sina neno baya na mtu yeyote alitoa.

Lakini huyu jamaa anaishi Kaptembwo, kwa ploti, chumba kimoja, na choo iko mwisho kabisa kupita mfereji, choo ya kuchuchumaa. Sasa wewe mwenye miguu yako mizima jaribu kuchuchumaa na mguu mmoja umenyooka kama ubao kwa plasta, usiku, kumenyesha, magongo yanateleza kwa matope. Bibi yake alikuwa anamsaidia kila mara, kumshika kutoka mlangoni mpaka huko na kumrudisha, na akienda kwa kibarua chake cha kufua jamaa anashinda bila kunywa maji ili asihitaji kutoka. Hayo yote hatukujua mpaka mama mmoja wa pale kaunta alipoenda kuwaona wiki ya tano, akakaa, akanywa chai, ndio akauliza, "Hebu niambie dada, kwa hii nyumba saa hii ni nini inawasumbua zaidi?" Bibi alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Ni choo, mama."

Kesho yake kikatafutwa kiti cha plastiki, hiki cha kawaida cha kukalia nje, fundi akakata shimo katikati na kisu kimechomwa moto, akalainisha makali na msasa ili kisimkwaruze, ndoo yenye kifuniko ikawekwa chini. Hiyo tu. Jamaa alianza kunywa maji tena kama mtu. Kiti cha plastiki na ndoo, ukilinganisha bei, haifiki nusu ya kile kikapu cha matunda na utepe wake.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji na sawa, uji mpe bila kuuliza, lakini mguu uliovunjika uko na mambo mengi kuliko uji na yote hubadilika kila wiki. Wiki ya kwanza ni dawa na nauli ya watu wa kumlinda hospitali. Wiki ya nne ni kodi. Wiki ya sita ni bodaboda ama teksi ya kumpeleka kliniki ya mifupa na kumrudisha, na bodaboda mwenyewe hawezi kupanda vizuri na huo mguu. Tangu Oktoba 2024 tuko kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na hata pale SHA imelipia matibabu haikununulii unga wala haikulipii mwenye nyumba. Halafu kuna wale huamua kurudi ushago kabisa juu Nakuru imewashinda. Kuna kijana wa kibarua nilimjua alirudi kwao pande za Bungoma, ikabidi alipe viti viwili kwa matatu sababu mguu haukunji, akakaa amejipinda hivyo kupitia Timboroa mpaka Eldoret na kuendelea mbele, na alipofika kwao ndio ikawa mwisho wa kusikia habari yake kazini. Pesa ya mchango iliishia kwa nauli na dawa. Simu yake nayo, nani alipiga?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, tuchange kidogo na tuchange mrefu. Zile pesa za siku ya kwanza zitoke, ndio, juu kuna mambo ya haraka, lakini siku hiyo hiyo tukubaliane ni nini itakuwa inatoka kila wiki mpaka lini. Na hii si kitu kigeni kwetu. Karibu kila mahali pa kazi kuna chama, kuna mzunguko, kila Ijumaa watu wanatoa mia mbili mia tatu na mmoja anachukua. Hiyo nidhamu tuko nayo tayari. Mwekeni mgonjwa kwa huo mzunguko. Watu 20 wakitoa shilingi 100 kwa wiki ni 2,000 kila wiki, na kwa wiki 12 hiyo ni 24,000, wakati kila mtu ametoa 1,200 tu na hajaisikia sana. Hao hao 20 wakiombwa 1,200 kwa mara moja tarehe 20 mwezi ukiwa umekauka, wengi watatuma mia mbili na kunyamaza, na si uchoyo, hawana. Tena kutuma shilingi 100 kwa M-Pesa haikatwi kitu, ukipita mia ndio unaanza kukatwa. Yule mweka hazina akimtumia mgonjwa jumla yake kwa wiki aongeze na ya kutoa, juu hakuna kitu inaumiza kama kutumiwa pesa ya dawa halafu unakatwa kwa wakala.

Elfu mbili kwa wiki haiwezi kuponya mtu lakini ni unga, mboga, maziwa ya mtoto na nauli moja ya kliniki. Na kitu ingine, mgonjwa anajua Ijumaa kuna kitu. Mtu amelala nyumbani miezi mitatu akijua Ijumaa kuna watu wamemkumbuka hawezi kuwa sawa na mtu alipewa elfu thelathini siku moja halafu kimya.

Sasa nije kwa ile orodha. Unajua ile orodha, namba moja mpaka mwisho, jina, pesa, alama ya tiki, inabandikwa upya kila mtu akituma. Mimi naomba tuache kuandika kiasi. Andika majina peke yake, pesa ijulikane na watu wawili wenye wanashika hazina, na mgonjwa apewe hesabu yake kamili ili asiwe na wasiwasi. Mama wa usafi mwenye analipwa kwa siku akiona juu yake meneja ametoa elfu tano na yeye ako na hamsini mkononi, atatoa hamsini yake kwa aibu ama akope Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, atoe mia tano, na zote mbili ni mbaya. Soja wetu wa geti aliwahi kuniambia yeye hungoja mpaka orodha ifungwe ndio apeleke chake mkononi. Huyo ni mtu mzima, ako na watoto wa sekondari, analinda mali ya wengine usiku kucha. Kwa nini ajifiche kutoa sadaka? Na hata yule ameumia ile orodha humbana, akirudi kazini anajua ni nani alitoa ngapi na anaanza kuwasalimia watu kulingana na hiyo.

Kuna watu pia hawana hata hiyo hamsini na wanaweza kumpeleka mtoto wake shule asubuhi, ama kumshikia foleni kliniki. Wawekwe kwa orodha ya majina kama wengine tu.

Halafu kuna hili la mwajiri na hapa nataka tusikizane vizuri. Mtu akiumia akiwa kazini, matibabu yake si ya mchango. Kuna sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, WIBA tunaiita, ni ya 2007 pia, na inasema mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, agharamie matibabu ya ile ajali, na mtu akishindwa kufanya kazi kwa siku 3 ama zaidi anafaa kuendelea kupata malipo yake wakati bado anapona, mpaka miezi 12. Mwajiri anatakiwa aripoti ajali kwa watu wa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku 7, na madai yawe yamepelekwa kabla miezi 12 kuisha tangu siku ya ajali. Haijalishi uko na barua ya kazi ama ulichukuliwa getini asubuhi kwa mdomo, kibarua wa siku naye ni mfanyakazi.

Kile nimeona kikifanyika ni kampuni inatoa elfu tano kwa mchango wa wafanyakazi, inapongezwa kwa grupu, makofi mengi, na fomu ya ajali haijajazwa. Miezi inapita. Mgonjwa anaogopa kuuliza asije akaonekana hana shukrani, maanake si walimchangia? Hiyo elfu tano inakuwa imenunua kimya chake. Ndio maana nasema kwa ile kamati ndogo ya mchango awekwe mtu mmoja ambaye kazi yake ni karatasi tu, apige picha pale ajali ilitokea, aandike nani aliona, aulize HR fomu imeenda lini na apewe nakala, ahifadhi risiti zote za hospitali. Huyo mtu ataokoa pesa nyingi kuliko sisi wote tukichanga mwaka mzima. Na kama mwenzenu amerudi ushago, apigiwe simu kabla ule mwaka wa kupeleka madai kuisha.

Ni tofauti na mtu ameangushwa na bodaboda yake binafsi akitoka kanisani ama hata akija kazini kivyake, hapo kwa kawaida WIBA haimfikii, kama ni gari ya kampuni ilikuwa inawabeba ndio inahesabika. Huyo wa bodaboda ndiye anahitaji mchango mrefu zaidi ya wote na mara nyingi ndiye hupewa kidogo, ati juu hakuumia kazini.

Najua jibu la wengi, kwamba watu wamechoka. Kila wiki kuna matanga, kuna harusi, kuna karo, kuna mtu anaenda chuo, na mshahara ni ule ule. Nakubali kabisa, na ndio maana napendelea shilingi mia yenye mtu anaijua mapema kuliko kushtuliwa na mia tano. Asiyeweza wiki hiyo aruke bila kuulizwa, asitajwe na asiondolewe kwa grupu. Na uwekwe mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza, kwamba tunatoa mpaka daktari atoe plasta ama mpaka malipo ya WIBA yaanze kuingia, ile itatangulia, halafu mweka hazina aandike kwa grupu imefungwa, atoe hesabu ya mwisho, na kama kuna salio mgonjwa atumiwe yote na ya kutoa.